Bafa ya transista: ipi kwa mzigo upi?

Qanuni, ala ya nyuzi, iko jukwaani, mikisa iko nyuma ya ukumbi, na kati yao pana kebo ya mita 30. Kwenye kiboksi cha jukwaani sauti ni kali na safi; ikifika kwenye mikisa imefifia juu, kana kwamba nyuzi zimefunikwa kitambaa. Wengi hukimbilia kuongeza trebo, na ikipanda trebo hupanda pia kelele ya masafa ya juu na hatari ya spika kupiga yowe. Sababu yenyewe inahesabika. Kebo ya kawaida yenye shildi huwa na uwezo wa kuhifadhi chaji wa takriban pF 100 kwa kila mita, kwa hiyo mita 30 ni nF 3. Kiboksi kinachotoa sauti kwa ukinzani wa kΩ 10 kikiunganishwa na nF 3 huanza kupoteza masafa ya juu kwenye kHz 5.3. Ukiushusha ukinzani huo hadi Ω 100, mpaka unahamia kHz 530, mbali kabisa na sikio la mtu.

Hiyo ndiyo kazi ya bafa. Haiongezi volti, inachukua volti ile ile iliyoingia na kuipa mkondo wa kutosha ili mzigo usiivute chini. Hatua za kufanya hivyo kwa transista ni nyingi, na kila moja ina mashabiki wake. Kinachoamua ni swali moja ambalo hulisikii sana: hatua hii ina uwezo gani wa kuvuta mkondo kurudi chini? Kusukuma, karibu zote zinajua. Transista ya NPN ikifunguka hutoa mkondo kutoka kwenye umeme wa juu bila shida. Wimbi linaposhuka, lazima kitu kingine kivute, na pale ndipo hatua dhaifu inapokata sauti.

Hesabu zote hapa ni za umeme wa volti 12 mmoja, kwa sababu ndio unaopatikana kirahisi kila pahala: betri ya sola, betri ya gari, au adapta. Kilele cha wimbi kinahesabiwa kutoka katikati, yaani volti 6.

Ujue mzigo kwanza

Mikisa ya kisasa kwenye tundu la laini huwa na kΩ 10 au zaidi. Huo ni mzigo mwepesi. Kilele cha volti 2 kinahitaji mA 0.2 tu. Kebo ya nF 3 kwa kHz 20 na kilele cha volti 2 inadai mA 0.75, na hilo nalo ni dogo. Laini ya Ω 600, inayokutikana kwenye vifaa vya zamani vya studio za redio na kwenye transfoma za kutenganisha, inadai mA 3.3 kwa kilele hicho hicho. Hedifoni ya Ω 32 inadai mA 62. Tofauti kati ya mikisa na hedifoni ni zaidi ya mara mia tatu, ndiyo maana mtu akisema tu kwamba bafa fulani ni nzuri bila kutaja mzigo, hajakusaidia.

Mfuasi wa emita wenye rizista

Transista ina miguu mitatu: kolekta, beizi na emita. Hapa ni transista moja, kolekta kwenye volti 12, rizista ya kΩ 1 kutoka emita kwenda ardhi, sauti inaingia kwenye beizi na kutoka kwenye emita kupitia kapasita. Emita ikikaa kwenye volti 6, mkondo wa kudumu ni mA 6. BC547, 2N3904 na C1815 zote zinafaa.

Kosa linalorudiwa mno liko kwenye bayasi, yaani volti ya kudumu inayoiweka beizi mahali pake. Watu hugawanya volti 12 kwa rizista mbili na kuzipeleka moja kwa moja kwenye beizi, kisha wanashangaa kwa nini kelele ya adapta inasikika. Mgawanyo huo unapeleka nusu nzima ya uchafu wa umeme kwenye beizi, na mfuasi anaufuata kwa uaminifu. Gawanya kwanza kwa kΩ 6.8 juu na kΩ 10 chini, weka kapasita ya µF 100 kutoka katikati kwenda ardhi, halafu kutoka hapo peleka kΩ 15 kwenye beizi. Katikati panakaa volti 7.1, mkondo wa beizi wa takriban mA 0.03 unashusha kama volti 0.55, beizi na emita wanachukua 0.65, na emita inatua karibu na volti 5.9. Mvumo wa Hz 100 unapungua zaidi ya mara 200. Usibadilishe hiyo kΩ 15 kuwa kΩ 100 ili kupata ukinzani mkubwa wa kuingilia, kwani mkondo ule ule mdogo wa beizi ungeangusha volti 3 na emita ingekaa chini sana.

Ukinzani wa kutokea ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Sehemu ya kwanza ni 26 kugawanya kwa mkondo wa mA, yaani Ω 4.3. Sehemu ya pili ni ukinzani wa chanzo kugawanya kwa beta, yaani mara ambazo transista inauzidisha mkondo wa beizi: potenshiomita ya sauti ya kΩ 10 ikiwa katikati ina kΩ 2.5, na kwa beta ya 200 inaongeza takriban Ω 11. Jumla Ω 15. Kwa kebo ya mita 30 hiyo ni neema.

Udhaifu uko kwenye kuvuta. Wimbi linaposhuka, transista inaanza kufunga na kinachovuta mzigo chini ni ile rizista ya kΩ 1 peke yake. Kilele cha chini kabisa ni mkondo wa kudumu mara rizista na mzigo zikiwa sambamba. Kwa mzigo wa kΩ 10 hupata volti 5.3, zaidi ya mahitaji. Kwa Ω 600 ni mA 5.9 mara Ω 375, volti 2.2. Kwa hedifoni ya Ω 32 ni volti 0.18, kama nusu milivati; nusu ya chini ya wimbi inakatwa na sauti inakwaruza hata ikiwa ndogo.

Kwa hiyo mfuasi huyu ni wa mikisa ya kisasa na kebo. Kwa kazi hiyo ni bora, na hakuna sababu ya kumdharau kwa kuwa ana transista moja.

Chanzo cha mkondo badala ya rizista

Ondoa kΩ 1, weka transista ya pili inayovuta mkondo usiobadilika. Njia iliyo rahisi na imara ni LED nyekundu: beizi ya transista ya chini inashikwa na LED yenye volti karibu 1.8, inayopewa mA 2 kupitia rizista ya kΩ 4.7 kutoka volti 12. Emita inabaki na takriban volti 1.1, na rizista ya emita ya Ω 180 inaweka mA 6. LED nyekundu inashuka volti kwa joto kwa kiasi kinachokaribiana na beizi na emita, milivolti 2 hivi kwa kila nyuzi ya joto, kwa hiyo mkondo unatulia hata boksi likipata moto. Dayodi mbili za 1N4148 zinafanya kazi lakini zinakuachia volti 0.65 tu kwenye emita, na joto linauyumbisha mkondo zaidi.

Faida inaonekana kwenye Ω 600: sasa mkondo wote wa mA 6 unakwenda kwenye mzigo wimbi linaposhuka, kilele kinapanda kutoka volti 2.2 hadi 3.6. Mvurugo wa umbo la wimbi pia unapungua, kwa sababu mkondo wa transista ya juu haubadiliki sana. Lakini lipo jambo ambalo michoro mingi haisemi: kwa mzigo mwepesi wa kΩ 10 chanzo cha mkondo kinapoteza. Kinahitaji volti 1.1 za rizista na kidogo juu yake ili kiendelee kufanya kazi, kwa hiyo kilele cha chini kinaishia 4.5 ilhali rizista tupu ilifika 5.3. Kwenye volti 12 tofauti hiyo haiumizi. Kwenye betri ya volti 9 iliyochoka inaumiza.

Je, hedifoni? Panua chanzo hadi mA 60: rizista ya emita Ω 18, transista zote mbili BD139. Kilele ni mA 60 mara Ω 32, volti 1.9, milivati 58. Hiyo ni sauti kubwa kwa hedifoni nyingi. Ila bayasi ya kΩ 15 iliyoelezwa juu haiwezi tena: BD139 yenye beta 100 inataka mA 0.6 kwenye beizi, na mA 0.6 kupitia kΩ 19 za mgawanyo mzima ingeangusha volti 11. Emita ingekaa karibu na ardhi. Hapa lazima beizi ilishwe moja kwa moja na opampu (chipu ya kukuza ishara), mathalani NE5532 ambayo pato lake limewekwa kwenye volti 6.7, au kuwe na BC547 mbele yake.

Joto nalo lihesabiwe. BD139 ya juu inabeba volti 6 mara mA 60, wati 0.36 (ya chini pungufu kidogo), muda wote, sauti iwepo isiwepo. Bila bati, BD139 hupanda karibu nyuzi 100 kwa kila wati, kwa hiyo 36 juu ya hewa iliyo ndani ya boksi. Wakati wa kaskazi, boksi la bati lililosahauliwa juani Forodhani halishindwi kufika nyuzi 55 ndani. Transista inakaa kwenye 91. Haiungui, lakini kapasita za elektrolaiti zilizo pembeni yake zinakauka mapema. Kipande cha alumini cha sentimita 3 kwa 4 kwa kila transista kinatosha, na kapasita ziwekwe upande wa pili wa bodi.

Almasi

Transista nne: PNP (aina iliyo kinyume cha NPN, inayovuta mkondo chini) na NPN ndogo zinapokea sauti, kila moja ikiwa mfuasi, na kila moja inaendesha transista ya pato iliyo kinyume chake. PNP inainua volti 0.65, NPN ya pato inashusha 0.65, na upande wa pili vivyo hivyo kinyume, kwa hiyo pato linakaa karibu sana na pembejeo. Chipu ya LH0002 ya National Semiconductor ilitumia mpangilio huu.

Thamani zinazofanya kazi kwa volti 12: BC557 na BC547 mbele, rizista ya kΩ 2.2 kutoka volti 12 kwenda emita ya BC557, nyingine ya kΩ 2.2 kutoka emita ya BC547 kwenda ardhi. Pato ni BC337 na BC327, kila emita na rizista ya Ω 4.7 kabla hazijakutana. Transista za mbele zinapata mA 2.4 kila moja. Transista za pato zinajiwekea mkondo zenyewe kulingana na zile za mbele. Pima volti juu ya Ω 4.7, inatakiwa iwe kati ya milivolti 20 na 50, yaani mA 4 hadi 10. Ikiwa chini ya 10, mvurugo wa kuvuka katikati utaanza kusikika kwenye sauti ndogo. Ikiwa juu ya 80 na inaendelea kupanda, transista za mbele hazigusani na za pato kwa joto.

Hapo ndipo almasi nyingi zinapoharibika. Volti ya beizi na emita inashuka milivolti 2 kwa kila nyuzi joto linapopanda. Transista ya pato ikipata moto na ya mbele ikabaki baridi, mkondo unaongezeka, joto linaongezeka, na mzunguko unaendelea. Unganisha kila ya mbele na ya pato anayoiendesha, nyuso bapa kwa nyuso bapa, kwa gundi ya epoksi au kwa mpira unaosinyaa kwa moto. BC557 inashikana na BC337, BC547 inashikana na BC327. Watu huzioanisha kwa rangi ya chapa, NPN na NPN, na kazi yote inapotea.

Kwa Ω 600 almasi hii haitoki kabisa kwenye daraja A, yaani transista zote mbili za pato hubaki wazi muda wote, kwa sababu kilele cha volti 4.5 kinataka mA 7.5 tu, na jozi yenye mA 6 inaweza kutoa hadi mA 12 kabla upande mmoja haujazima. Kwa hedifoni ya Ω 32 inafika kilele cha volti 3 hivi, milivati 140, na kinachoizuia kupanda zaidi ni zile kΩ 2.2 kushindwa kulisha beizi ya pato. Ukinzani wa kutokea ni Ω 4 mpaka 5. Na mkondo wa jumla bila sauti ni mA 11 kwa chaneli moja, dhidi ya zaidi ya mA 60 za chanzo cha mkondo kinachoendesha hedifoni hiyo hiyo. Kwa kiboksi kinachoendeshwa na betri, kwetu sisi almasi ndiyo inayostahili hedifoni.

Jedwali hili ni la kilele cha volti katika umeme wa 12, kabla ya kukatwa:

| Mzigo | Rizista kΩ 1 | Chanzo mA 6 | Chanzo mA 60 | Almasi |
|---|---|---|---|---|
| kΩ 10 | 5.3 | 4.5 | 4.5 | 4.5 |
| Ω 600 | 2.2 | 3.6 | 4.5 | 4.5 |
| Ω 32 | 0.18 | 0.19 | 1.9 | 3 |

Sukuma-vuta yenye bayasi ya dayodi

Huu ni mpangilio wa amplifaya za spika: NPN juu, PNP chini, na kati ya beizi zao volti 1.3 za kuziweka macho. Kwa bafa ya laini au hedifoni ni kazi nyingi kuliko faida ukilinganisha na almasi. Unapata maana pale mkondo unapozidi mA 150, kwa mfano spika ndogo ya chumba cha mazoezi, na hata hapo chipu kama TDA2030 ina hatua hii ndani yake tayari.

Ukiamua kuijenga, usitumie dayodi mbili za 1N4148 pekee. Kioo chao kidogo hakipokei joto la transista vizuri. Tumia transista ya bayasi, BD139 iliyofungwa kwenye bati moja na za pato, ambayo rizista mbili zinaigawia volti: volti ya bayasi ni 0.65 mara moja jumlisha uwiano wa rizista ya juu kwa ya chini. Rizista ya juu kΩ 1.2, na chini Ω 820 pamoja na trima (rizista ndogo ya kurekebishika) ya Ω 500 kwa mfululizo, inakupa nafasi ya kurekebisha kutoka karibu volti 1.2 hadi 1.6. Trima lazima iwe upande wa beizi na emita. Katika hewa ya chumvi kitu cha kwanza kushindwa ni mguso wa trima, na ikikatika upande huo bayasi inaporomoka hadi volti 0.65 na sauti inakwaruza tu. Ukiiweka upande wa kolekta, ikikatika bayasi inaruka juu na transista za pato zinaungua kwa sekunde chache.

Rizista za emita zisiachwe. Kwa joto la nyuzi 30 ambalo transista ya bayasi haikulifuata, transista mbili zinapungua milivolti 120 kwa pamoja. Zikiwa na Ω 2.2 kila moja, ongezeko la mkondo haliwezi kupita mA 27. Bila rizista, hakuna kinachoushika mkondo huo. Kipimo kizuri cha bayasi ni milivolti kama 26 juu ya kila rizista ya emita: mA 12 kwa Ω 2.2, mA 120 kwa Ω 0.22.

Sukuma-vuta isiyo na bayasi kabisa ina pengo la volti 1.3 katikati ambamo hakuna transista iliyofunguka. Kwa mota na relei inavumilika. Kwa sauti, hata opampu ikiizungukia kwa mrejesho (kulirudisha pato kwenye pembejeo ili kosa lisahihishwe), opampu ya polepole kama LM358 inachukua mikrosekunde kadhaa kuruka pengo hilo, na mikrosekunde hizo zinasikika kama mchanga kwenye fidla.

Opampu peke yake

Kabla ya kununua transista nne, tazama kama NE5532 haitoshi. Imeundwa kuendesha Ω 600, na kwa mikisa ya kΩ 10 na kebo ya mita 30 inatoa sauti safi kuliko mfuasi yeyote wa transista moja, kwa sababu ya mrejesho wake. Weka Ω 100 kati ya pato lake na kebo, vinginevyo uwezo wa kebo unaifanya ipige masafa ya juu usiyoyasikia lakini yanayoharibu sauti. TL072 na 4558 ni za mizigo ya kΩ 2 kwenda juu. Usizipe Ω 600. LM358 iache kwa vipimo vya joto na betri.

NE5532 kwenye hedifoni ya Ω 32 inajitahidi mpaka kama mA 30, kilele cha volti 1, huku mvurugo ukipanda. Kuiongezea almasi ndani ya mzunguko wa mrejesho ndio mchanganyiko bora kuliko yote yaliyomo humu: opampu inasahihisha, almasi inabeba mzigo. Rudisha mrejesho kutoka kwenye pato la almasi, na weka pF 22 hadi 47 kutoka pato la opampu yenyewe kwenda pembejeo yake ya kugeuza, ili ucheleweshaji wa almasi usiifanye iyumbe.

Transista ndiyo inayobaki mshindi pale unapotaka sehemu chache, umeme mdogo wa volti 5, au unapotengeneza kifaa cha zamani ambacho bodi yake haina nafasi ya chipu.

Yanayoziharibu zote

Pikapu ya piezo ya udi, inayogeuza mtetemo kuwa umeme, isiunganishwe moja kwa moja na bafa yoyote kati ya hizi. Piezo ya nF 1 ikikutana na kΩ 15 za mfuasi wa emita hupoteza kila kitu chini ya kHz 10. Unabaki na mkwaruzo wa risha tu. Tanguliza TL072 yenye rizista ya MΩ 4.7 kwenye pembejeo, mpaka unashuka hadi Hz 34, halafu bafa ifuate. Na MΩ 4.7 katika hewa ya Unguja na Pemba inataka bodi safi: futa mafuta ya lehemu kwa spiriti, kausha, kisha pulizia vanishi. Unyevu wenye chumvi juu ya mabaki hayo unatengeneza njia ya umeme sambamba na rizista yako, na bayasi inahama siku za mvua za masika kisha inarudi jua likitoka. Anayelitafuta kosa hilo kwenye transista hatalipata.

Mfuasi wa emita unaweza kupiga masafa ya makumi ya megahezi bila wewe kusikia chochote. Dalili ni transista yenye moto pasipo sauti, au volti ya pato inayobadilika ukiukaribia waya kwa kidole. Dawa ni rizista ya Ω 100 iliyolehemiwa karibu kabisa na mguu wa beizi, Ω 47 hadi 100 kwenye pato kabla ya kebo, na kapasita ya nF 100 kutoka kolekta kwenda ardhi, miguu yake ikiwa mifupi. Rizista ya beizi ikiwa sentimita 5 kutoka kwenye mguu haisaidii kitu. Kwa hedifoni, ile ya pato iwe Ω 10 au isiwepo, maana Ω 100 mbele ya Ω 32 inakula robo tatu ya volti.

Kapasita ya pato ifuate mzigo. µF 100 kwa Ω 600 inafika Hz 2.7; kwa Ω 32 inataka µF 470 kwa Hz 10.6. Upande wa chanya uelekee emita. Weka kΩ 10 baada yake kwenda ardhi, ili iwe imeshajaa kabla mtu hajachomeka jeki. Bila hiyo, kila kuchomeka ni mshindo kwenye spika za ukumbi.

Ukienda Darajani au Chake Chake kutafuta transista, usikariri miguu kutoka namba moja kwenda nyingine. Ukitazama upande bapa, kutoka kushoto, BC547, BC557, BC337 na BC327 ni kolekta, beizi, emita. 2N3904 na S8050 ni emita, beizi, kolekta. C1815 na C945 ni emita, kolekta, beizi. BD139 ukitazama upande wenye maandishi ni emita, kolekta, beizi. Transista iliyogeuzwa kolekta na emita mara nyingi inafanya kazi, ila beta yake inaporomoka na beizi na emita haivumilii zaidi ya volti 5 au 6 kinyume, kwa hiyo inakufa baada ya muda.

BC337 bandia nazo zipo: chapa ni hiyo, kilichomo ni transista ndogo ya mA 100. Zijaribu kabla ya kulehemu. Rizista ya Ω 120 ya wati 2 kutoka volti 12 kwenda kolekta, emita ardhini, na kΩ 1 kutoka volti 5 kwenda beizi. Mkondo wa kolekta ni karibu mA 100. BC337 halisi itaonyesha chini ya volti 0.3 kati ya kolekta na emita na itabaki vuguvugu. Ikionyesha zaidi ya 0.5, haifai kwenye pato la almasi.

Mwisho, pima ukinzani wa kutokea kabla ya kufunga boksi. Programu ya simu ya kutoa toni inatosha. Chagua Hz 200, kwa sababu mita nyingi za bei nafuu hazisomi sawasawa juu ya Hz 400. Pima volti za pato bila mzigo, kisha ukiwa umeweka Ω 620. Ikiwa volti 1.00 imeshuka hadi 0.975, ukinzani ni 620 mara (1.00 kugawanya 0.975, toa 1), karibu Ω 16, toa Ω 47 au 100 ulizoweka kwenye pato ikiwa umepima baada yake. Ikishuka zaidi ya ulivyotarajia kwa sauti kubwa tu, si ukinzani huo, ni kilele kinachokatwa: rudi kwenye jedwali, safu ya Ω 600.